Tiba kali au ya wastani? Mizani ngumu kabla ya kupandikizwa uboho

FAMILIA inayomsafirisha mgonjwa wa saratani ya damu kutoka humu nchini hadi India ili akapandikizwe uboho huwa imejifunga kibwebwe kutafuta majibu ya maswali mawili. La kwanza ni gharama, kwani harambee haiitishwi kabla ya kiasi kujulikana. La pili ni mtoaji: je, miongoni mwa ndugu za mgonjwa yupo ambaye uboho wake unalandana na wake?

Lipo swali la tatu ambalo huulizwa kwa nadra, ilhali huenda ndilo litakaloamua iwapo mgonjwa atakuwa hai miaka miwili baada ya kurejea nyumbani. Swali lenyewe ni hili: kabla ya kutiwa uboho huo mpya, mwili wake utaandaliwa kwa dawa zipi, na kwa makali ya kiasi gani?

Madaktari bingwa wa damu wamelumbana kuhusu suala hili kwa zaidi ya miaka 25. Upo upande unaoshikilia kwamba dawa ya moto ni moto, na kwamba saratani haina budi kuchomwa hadi mizizi. Upo upande mwingine unaohoji kuna faida gani kuua ugonjwa iwapo mgonjwa naye ataangamia pamoja nao. Matokeo ya tafiti za miaka ya majuzi yameonyesha kwamba pande zote mbili zina hoja. Lakini pia yamefichua mtego unaoweza kuzinasa familia nyingi: tiba inayoonekana salama zaidi katika miezi ya kwanza si lazima iwe ndiyo inayookoa maisha.

Ili kuufahamu mtego huo, yafaa kwanza kuelewa kazi ya tiba hii ya maandalizi. Uboho ni ute laini uliomo ndani ya mifupa, na humo ndimo zinamoishi seli shina zinazozalisha damu. Mtu anapougua lukemia kali, seli zilizoharibika hutapakaa humo na kuzinyima nafasi zile zilizo nzima. Kupanda mbegu mpya katika shamba lililojaa kwekwe ni kazi bure. Ndiyo maana mgonjwa hupewa dawa za kemotherapi, na wakati mwingine mionzi ya mwili mzima, kwa muda wa takriban wiki moja kabla ya siku ya kupandikizwa.

Dawa hizo huua seli za saratani zilizosalia. Aidha, huidhoofisha kinga ya mgonjwa ili isizikatae seli za mgeni. Zinapotolewa kwa kiwango cha juu kabisa, huufuta uboho wote wa zamani, na hapo hakuna kurudi nyuma: maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Kisha seli za mtoaji hutiwa mshipani kama damu ya kawaida, nazo hujitafutia njia hadi mifupani. Huchukua majuma mawili au matatu hivi kabla ya kuanza kuzalisha damu mpya. Katika kipindi hicho mgonjwa huwa hana kinga, na maambukizi ambayo mtu mzima wa afya asingeyahisi yaweza kumwangamiza.

Mbinu hii ilianza kwa ukali mkubwa. Daktari E. Donnall Thomas wa Marekani, aliyechapisha majaribio yake ya kwanza mnamo 1957 na baadaye akaongoza kikosi cha watafiti mjini Seattle, alitegemea mionzi ya mwili mzima, ambayo hatimaye iliunganishwa na dawa ya siklofosfamidi. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka wa 1990. George Santos na wenzake wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Baltimore, walitafuta njia isiyohitaji mionzi, na mnamo 1983 wakachapisha matokeo ya kuchanganya busulfani na siklofosfamidi. Miaka minne baadaye, Peter Tutschka na wenzake katika jimbo la Ohio walipunguza siklofosfamidi kutoka miligramu 200 hadi 120 kwa kila kilo ya uzani wa mgonjwa. Mchanganyiko huo ukaenea kote duniani.

Hata hivyo, gharama yake mwilini si haba. Mdomo na utumbo huchubuka kwa vidonda, mishipa midogo ya ini yaweza kuziba, mapafu hudhurika, na wengi wanaopewa kiwango kamili cha dawa hizi au mionzi hubaki tasa. Kwa sababu hiyo, kwa miaka mingi wagonjwa waliopita umri wa miaka 50 au 55 walikataliwa katika vituo vingi. Ilhali lukemia kali ya mieloidi, mojawapo ya saratani zinazopeleka watu wengi zaidi kupandikizwa uboho, ni ugonjwa unaowapata zaidi watu wa makamo na wazee. Waliouhitaji upandikizaji ndio walionyimwa.

Mwanga ulitokea mahali ambapo haukutarajiwa. Mnamo 1990, Hans-Jochem Kolb na wenzake wa Munich, Ujerumani, walieleza jinsi wagonjwa watatu wa lukemia sugu, ambao ugonjwa wao ulikuwa umerejea baada ya kupandikizwa, walivyopata nafuu baada ya kuongezewa chembe nyeupe za damu kutoka kwa watoaji wao. Ilidhihirika kwamba si kemotherapi pekee inayoua saratani. Kinga mpya ya mtoaji nayo huisaka na kuishambulia.

Kutokana na ugunduzi huo, watafiti walianza kujiuliza: ikiwa kinga ya mtoaji ni askari hodari hivyo, kuna haja gani ya kumchoma mgonjwa kupita kiasi? Houston mnamo 1997, Jerusalem mnamo 1998 na Seattle mnamo 2001, vikosi tofauti vilichapisha mbinu zilizopunguzwa makali. Fludarabini, dawa inayofifisha kinga bila kuuunguza mwili sana, iliunganishwa na kiasi kidogo cha busulfani, au na melfalani, au na mionzi ya Grei 2 tu badala ya 12 au zaidi. Wagonjwa wa miaka 60 na hata 70 walianza kupandikizwa uboho. Baadhi yao hawakuhitaji hata kulazwa kwa muda mrefu.

Si ajabu basi kwamba tiba hiyo ya wastani ilipendwa. Hatari ni kwamba ilianza pia kutumiwa kwa vijana wenye nguvu ambao wangeweza kuistahimili ile kali, bila ya kuwapo kwa ushahidi kamili kwamba inawafaa. Kulinganisha kumbukumbu za hospitali hakukutosha, kwa kuwa wanaopewa tiba ya wastani kwa kawaida ni wazee na wadhaifu zaidi. Ilibidi kura ipigwe: wagonjwa wanaofanana wagawanywe kwa bahati nasibu, nusu upande huu na nusu upande ule.

Hilo ndilo lililofanywa nchini Marekani kuanzia 2011 katika utafiti ulioongozwa na Bart Scott wa Seattle. Wagonjwa 272 wa kati ya miaka 18 na 65, waliougua lukemia kali ya mieloidi au ugonjwa wa uboho unaotangulia lukemia hiyo, waligawanywa katika makundi mawili. Wote walikuwa na chini ya asilimia 5 ya seli changa zenye kasoro katika uboho, na wote walionekana kuwa na nguvu za kuistahimili tiba ya aina yoyote kati ya hizo mbili. Mpango ulikuwa kusajili wagonjwa 356. Mnamo Aprili 2014, usajili ulisitishwa kabla ya idadi hiyo kutimia.

Sababu ilikuwa wazi kwenye takwimu zilizochapishwa mnamo 2017. Kufikia miezi 18, tiba yenyewe ilikuwa imewaua asilimia 15.8 ya waliopewa dawa kali, dhidi ya asilimia 4.4 tu ya waliopewa za wastani. Anayesoma takwimu hiyo peke yake angekimbilia tiba ya wastani bila kufikiri mara mbili. Lakini katika muda uo huo, ugonjwa ulikuwa umewarejea asilimia 48.3 ya waliopewa tiba ya wastani, dhidi ya asilimia 13.5 ya wenzao. Walioishi bila ugonjwa kurejea walikuwa asilimia 67.8 upande wa tiba kali na asilimia 47.3 upande wa pili.

Hapa ndipo ulipo mtego niliotangulia kuutaja. Vifo vinavyosababishwa na dawa hutokea mapema, mgonjwa akiwa bado mikononi mwa madaktari. Kurejea kwa saratani hutukia baadaye, mara nyingi akiwa ameshatoka hospitalini na amepokewa nyumbani kwa shangwe. Hospitali inayojivunia idadi ya wagonjwa waliovuka siku 100 baada ya kupandikizwa huwa imesimulia nusu tu ya hadithi. Nusu nyingine huandikwa katika vijiji na mitaa ambako wagonjwa hao walirejea.

Haki yataka tuseme pia kwamba tofauti ya idadi ya waliokuwa hai kwa jumla, asilimia 77.5 dhidi ya 67.7 katika miezi hiyo 18, haikuwa kubwa kiasi cha kuondoa shaka ya kitakwimu wakati huo. Shaka hiyo ilipungua baadaye. Ripoti ya ufuatiliaji iliyochapishwa mnamo 2021 ilionyesha kwamba kufikia miaka minne, vifo vilivyotokana na tiba kali vilikuwa vimepanda hadi asilimia 25.1, dhidi ya 9.9 kwa ile ya wastani. Hata baada ya kulipa gharama hiyo nzito, waliopewa tiba kali ndio waliosalia hai kwa wingi zaidi.

Je, kila mgonjwa aliye na nguvu apewe tiba kali basi? Uchunguzi mwingine wa damu iliyohifadhiwa kutoka kwa wagonjwa hao hao uliongeza jambo la maana. Christopher Hourigan na wenzake walisaka katika damu hiyo, kwa vipimo vya kijeni, masalia ya lukemia yasiyoweza kuonekana kwa hadubini. Kwa waliopatikana na masalia hayo kabla ya kuandaliwa, ugonjwa ulirejea kufikia miaka mitatu kwa asilimia 67 ya waliopewa tiba ya wastani, ikilinganishwa na asilimia 19 ya waliopewa tiba kali. Kwa wale ambao vipimo havikupata kitu, tofauti ya maisha kati ya makundi mawili haikuwa kubwa. Kwa maneno mengine, makali ya dawa yana thamani zaidi pale ambapo adui angali amejificha.

Wala neno "wastani" lenyewe halina maana moja. Mchele mmoja, mapishi mbalimbali. Mnamo 2012, watafiti wa Ujerumani wakiongozwa na Martin Bornhäuser walichapisha utafiti wa wagonjwa 195 wa lukemia kali ya mieloidi, ambapo mionzi ya Grei 8 pamoja na fludarabini ililinganishwa na Grei 12 pamoja na siklofosfamidi. Matokeo ya kundi moja hayakutofautiana sana na ya jingine, si katika kurejea kwa ugonjwa wala katika maisha. Huenda mtu akadhani tafiti hizi mbili zinapingana. La hasha! Grei 8 si tone la maji. Kilichoitwa tiba ya wastani Ujerumani kilikuwa bado na makali ya kutosha, ilhali wengi wa waliopewa tiba ya wastani Marekani walipata busulfani ya siku mbili tu.

Vipi kuhusu wazee na wale wenye maradhi mengine ya moyo, ini au mapafu? Kwao, mizani ni tofauti. Mnamo 2005 Mohamed Sorror na wenzake wa Seattle walichapisha kipimo cha kujumlisha maradhi ya mgonjwa ili kukadiria hatari ya kufa kutokana na upandikizaji, nacho kingali kinatumika. Kwa mwenye alama nyingi katika kipimo hicho, chaguo mara nyingi ni kati ya tiba ya wastani na kutopandikizwa kabisa.

Kundi hili nalo limepata habari njema. Utafiti wa Ulaya ulioongozwa na Dietrich Beelen wa Essen, Ujerumani, uliwahusisha wagonjwa wa lukemia na maradhi yanayoikaribia ambao walikuwa na umri wa miaka 50 au zaidi, au waliokuwa na maradhi mengine. Dawa ya treosulfani ikiunganishwa na fludarabini ililinganishwa na busulfani iliyopunguzwa. Baada ya miaka miwili, asilimia 64 ya waliopewa treosulfani walikuwa hai bila ugonjwa kurejea wala uboho mpya kushindwa kushika, dhidi ya asilimia 50.4 ya wenzao. Ulaya iliiidhinisha dawa hiyo mnamo 2019, na Marekani ikafuata Januari 2025. Ikumbukwe hata hivyo kwamba haikupimwa hapo dhidi ya busulfani ya kiwango kamili, kwa hivyo asiyekuwa mzee wala mgonjwa wa kitu kingine asiichukulie kuwa jibu lake moja kwa moja.

Kwa watoto wenye lukemia kali ya limfu, funzo lilikuwa chungu zaidi. Madaktari na wazazi walitamani kuwaepusha na mionzi, ambayo yaweza kudumaza ukuaji na kuleta saratani nyingine ukubwani. Utafiti wa kimataifa ulioongozwa na Christina Peters wa Vienna uliwagawanya watoto wenye zaidi ya miaka minne kati ya mionzi pamoja na etoposidi kwa upande mmoja, na kemotherapi pekee kwa upande wa pili. Kwa mujibu wa matokeo yaliyochapishwa mnamo 2021, waliokuwa hai baada ya miaka miwili walikuwa asilimia 91 kwa mionzi na asilimia 75 kwa kemotherapi. Kura ilikomeshwa mapema, kwani isingekuwa haki kuendelea kuwapangia watoto wengine upande ulioshindwa.

Msomaji anaweza kuhitimisha kwamba ukali hushinda daima. Ugonjwa wa selimundu, unaozitesa familia nyingi za Nyanza, Magharibi na Pwani, wakanusha hilo. Hapa hakuna saratani ya kuangamizwa. Kinachohitajika ni nafasi ya kutosha kwa seli za mtoaji, na hata zikiwa sehemu tu ya uboho wote, ugonjwa waweza kutulia.

Mnamo 1996, Mark Walters na wenzake waliripoti kuhusu watoto 22 wa selimundu walioandaliwa kwa busulfani na siklofosfamidi za kiwango kikubwa: 20 waliishi, na 16 walikuwa na uboho mpya ulioshika vyema. Mnamo 2014, Taasisi za Kitaifa za Afya za Marekani zilichapisha matokeo ya wagonjwa 30, wengi wao wakiwa watu wazima ambao viungo vyao vilikuwa vimeshadhurika. Hawa walipewa mionzi ya Grei 3 na dawa ya kufifisha kinga, bila kufutwa uboho wao. Walioishi walikuwa 29, na kwa 26 seli za ndugu zao zilikuwa zimeshika. Kwa watu ambao zamani wangeambiwa mwili wao hautaweza, upole ndio uliowafungulia mlango.

Suala hili limetukaribia kuliko wengi wanavyodhani. Mnamo 2023, Hospitali ya Benjamin Mkapa mjini Dodoma, Tanzania, ilianza kuwapandikiza uboho watoto wenye selimundu. Safari ya ndege hadi bara Asia si njia ya pekee tena katika upeo wa Afrika Mashariki, na mjadala wa makali ya dawa hauwezi kuachiwa wataalamu wa ng'ambo peke yao.

Ipo sababu nyingine ya kuuchukulia kwa uzito. Uwezekano wa ndugu mmoja wa baba na mama mmoja kulandana kikamilifu na mgonjwa ni mmoja kati ya minne. Nje ya familia, hali ni ngumu zaidi: uchanganuzi uliochapishwa mnamo 2014 ulikadiria kwamba Mmarekani mweusi ana uwezekano wa asilimia 19 wa kumpata mtoaji anayelandana naye kikamilifu katika daftari la wanaojitolea nchini humo, dhidi ya asilimia 75 kwa Mmarekani mwenye asili ya Ulaya. Mbinu ya Johns Hopkins ya kumpa mgonjwa siklofosfamidi siku ya tatu na ya nne baada ya upandikizaji imewezesha mzazi au ndugu anayelandana nusu tu kuwa mtoaji. Mtoaji wa aina hiyo naye hubadilisha hesabu ya dawa za maandalizi.

Ni nini basi cha kufanywa na familia iliyoketi mbele ya daktari ikiwa na barua ya makadirio ya gharama mkononi? Kuuliza si ujinga. Iulize ni dawa zipi zitakazotumika, na kwa nini zimechaguliwa kwa mgonjwa huyu na wala si kwa mwingine. Iulize iwapo masalia ya ugonjwa yamepimwa kabla ya maandalizi, na yalionyesha nini. Iulize kuhusu uwezo wa kuzaa, na iwapo mbegu au mayai ya mgonjwa yanaweza kuhifadhiwa mapema, kwa kuwa baada ya dawa kuanza huenda ikawa wakati umepita.

Zaidi ya yote, familia ikitajiwa asilimia ya wanaofaulu, iulize ni asilimia ya muda gani. Ya siku 100 ni ya tiba kumwacha mgonjwa hai. Ya miaka miwili ni ya ugonjwa kumwacha hai. Mgonjwa anahitaji zote mbili, na daktari mwema hatachoka kuzieleza.

Wala swali hili si la familia pekee. Hospitali zetu zinazowapokea wagonjwa hawa wanaporejea ndizo zinazoshuhudia nusu ya pili ya hadithi, na zingekuwa hazina kubwa kama zingeiweka katika kumbukumbu: ni nani aliandaliwa kwa dawa zipi, ugonjwa ulimrejea lini, na yu hali gani leo. Nyingi ya tafiti nilizozitaja zilifanyiwa Marekani na Ulaya. Bila kumbukumbu zetu wenyewe, tutaendelea kuchangishana mamilioni ya shilingi ili kununua tiba ambayo hatuna namna ya kujua inawafaa watu wetu kwa kiasi gani.